Vifurushi Vinavyotegemeana kwa Duara: Anza na Swali la Wakati

Kwenye kompyuta yenye Debian au Ubuntu, andika apt-cache depends libc6, kisha apt-cache depends libgcc-s1. Jibu la kwanza linasema kwamba libc6, kifurushi chenye maktaba ya C ambayo karibu kila programu ya mashine hiyo inaiegemea, kinakitegemea libgcc-s1. Jibu la pili linasema kwamba libgcc-s1 nacho kinakitegemea libc6. Ukiuchukua utegemezi kwa maana ya "mwenzangu atangulie, ndipo nifuate", hakuna hata kimoja kinachoweza kusakinishwa, kwa sababu kila kimoja kinakisubiri kingine. Lakini mashine inawaka, na vifurushi hivyo viwili vimekuwa vikisasishwa bila kukuuliza neno. Sababu utaiona ukichunguza kila kimoja kinamhitaji mwenzake lini. Maktaba ya libgcc imeunganishwa na maktaba ya C tangu ilipojengwa, kwa hiyo haiwezi kupakiwa kwenye kumbukumbu bila hiyo. Maktaba ya C, kwa upande wake, huitafuta libgcc hasa pale programu inapositisha mojawapo ya nyuzi zake za utekelezaji, jambo ambalo programu nyingi hazilifanyi kamwe. Mahitaji yote mawili ni ya kweli, ila hayatokei saa moja.

Hapo ndipo mwongozo huu unaposimama: utegemezi una wakati wake, na duara likigawanywa kwa nyakati mara nyingi huacha kuwa duara. Kifurushi kinaweza kukihitaji kingine kinapojengwa kutoka msimbo chanzo, kinapofunguliwa na faili zake kuwekwa kwenye diski, kinaposanidiwa kwa skripti zake, kinapotumika, au hata saini yake inapothibitishwa. Meneja wa vifurushi anayefanya kazi vizuri huzitenganisha nyakati hizo na kutafuta mahali ambapo pengo halitamdhuru mtu. Ukijua anavyofikiri, utajua lini umwachie kazi, lini umkabidhi vifurushi vyote kwa mkupuo mmoja, na lini hana msaada kwako mpaka ujenge kitu upya kwa mikono yako.

Tuanze na dpkg, programu inayosakinisha vifurushi kwenye Debian na Ubuntu, maana ndiyo iliyoandika kanuni zake waziwazi zaidi. Kusakinisha kwake kuna hatua mbili kubwa: kwanza faili hufunguliwa na kuwekwa mahali pake, baadaye skripti iitwayo postinst huendeshwa ili kukamilisha usanidi. Utegemezi wa kawaida, ule unaoandikwa kwenye sehemu ya Depends, hauzuii hatua ya kwanza. Vifurushi vyote viwili vya duara vinaweza kufunguliwa kwa mpangilio wowote, na swali la nani atangulie hubaki kwenye usanidi peke yake. Ni kama wanawake wawili mtoni wenye ndoo zilizojaa: wa kwanza hutwishwa na mwenzake, lakini wa pili atajitwika mwenyewe, na busara ni kumwachia zamu hiyo ya mwisho yule mwenye ndoo nyepesi. Sera ya Debian, kitabu cha kanuni ambacho kila mtengenezaji wa kifurushi anapaswa kukifuata, inaeleza ndoo nyepesi ni ipi. Ikiwa ndani ya duara kuna kifurushi kisicho na postinst, duara hukatwa hapo, kwa kuwa kifurushi hicho hakina chochote cha kuendesha kinachoweza kuharibika kwa kumkosa mwenzake. Vyote vikiwa na postinst, mahali pa kukatia hapana uhakika. Kwa sababu hiyo Sera inawataka watengenezaji waepuke maduara kadiri wawezavyo, hasa pale vifurushi vinapokuwa na skripti hizo.

Kwa mtumiaji, kanuni hiyo ina matokeo ya moja kwa moja, hasa kwa anayehudumia seva isiyo na intaneti na anayebeba vifurushi kwenye flashi. Ukiandika dpkg -i na kutaja kifurushi kimoja cha duara, dpkg itakifungua, itagundua mwenzake hayupo, na itakiacha kikiwa kimefunguliwa bila kusanidiwa. Ukivitaja vyote kwenye amri moja, vitaingia. Wengi hukwama kwa sababu hii tu: wanasakinisha kimoja kimoja kwa utii, wakiamini kwamba kuna mpangilio sahihi ambao hawajaugundua, ilhali kwenye duara mpangilio huo haupo. Ikiwa tayari umekwama, dpkg --audit itakuonyesha vifurushi vilivyoachwa njiani. Ongeza kinachokosekana, kisha endesha dpkg --configure -a ili vilivyofunguliwa visanidiwe kwa pamoja. Kumbuka pia kwamba apt-get download huleta kile ulichokitaja tu, bila wategemewa wake. Kwa hiyo kabla ya kuondoka na flashi, pitia orodha nzima kwa apt-cache depends --recurse, ambayo haizunguki milele ikikutana na duara.

Wapo watakaosema kwamba kuna njia fupi zaidi, yaani --force-depends kwa dpkg au --nodeps kwa rpm, na kwamba kama duara ni jambo la makaratasi tu, basi kulipuuza si kosa. Pingamizi hilo lina punje ya ukweli, kwani mara nyingine programu itafanya kazi baada ya kulazimishwa hivyo. Tatizo ni kwamba chaguo hizo hazilengi duara. Zinanyamazisha kila utegemezi wa vifurushi ulivyotaja, pamoja na ule ambao haumo kwenye duara na ambao kukosekana kwake kutavunja programu kweli. Isitoshe, apt ikiendeshwa baadaye itakuta utegemezi usiotimizwa na kukataa kusakinisha kitu kingine chochote mpaka kasoro hiyo irekebishwe. Duara lililotimia, ambapo kila mmoja yupo, halihitaji kulazimishwa. Likihitaji nguvu, basi kuna kitu kinakosekana, na kazi yako ni kukitafuta.

Kuna aina moja ya utegemezi ambayo dpkg haiwezi kuigawanya. Inaitwa Pre-Depends, na maana yake ni kwamba mwenzake lazima awe amefunguliwa na kusanidiwa kabla hata faili za huyu hazijaanza kuwekwa. Hapa hatua mbili zimebanwa kuwa moja, na duara la Pre-Depends tupu halina mahali pa kukatiwa. Kwa hiyo Debian inamtaka mtengenezaji alijadili wazo hilo na wenzake kabla ya kulitumia. Lakini dpkg yenyewe inalitumia kwa maktaba zake, zikiwemo libc6 na liblzma5, na sababu yake ni nzito: dpkg ndiyo inayojifungua yenyewe inaposasishwa. Kama faili zake mpya zingewekwa kabla ya maktaba inazozihitaji, mashine ingebaki bila chombo cha kumalizia kazi. Unapotengeneza kifurushi chako, Pre-Depends iwe kitu unachokitetea kwa sababu ya namna hiyo.

Mashine mpya kabisa haina dpkg ya kuisakinisha dpkg. Programu iitwayo debootstrap hulimaliza tatizo hilo kwa kutoifuata kanuni ya utegemezi mwanzoni: huvikunjua vifurushi vya msingi moja kwa moja kama kumbukumbu za faili, kisha huingia ndani ya saraka ile mpya na kuiita dpkg iliyokwisha kuwekwa, ili ijisakinishe pamoja na wenzake kwa njia halali. Ukitumia chaguo la --foreign utaziona hatua hizo zikitengana, ya kwanza kwenye mashine yako na ya pili kwenye mashine lengwa, hata kama zina prosesa za aina tofauti.

Upande wa Fedora na openSUSE, RPM hulichukulia jambo hili kama tatizo la grafu. Kabla ya kuanza kuandika chochote, hukusanya vifurushi vyote vya muamala na kutafuta makundi yaliyofungamana kwa algoriti ya Robert Tarjan ya mwaka 1972, kisha hupanga ndani ya kila kundi. Uzuri wake ni kwamba mtengenezaji anaweza kutaja wakati kwa maneno: Requires peke yake humaanisha mwenzangu awepo, ilhali Requires(pre) na Requires(post) humaanisha awepo kabla ya skripti fulani kuendeshwa. Duara likipatikana, RPM hukata kwanza ule uhusiano wa Requires tupu na kuheshimu wenye skripti kadiri inavyowezekana. Ukiandika faili ya spec, usiache taarifa hiyo nje; bila hiyo RPM inakata kwa kubahatisha. Pacman ya Arch Linux huchukua njia nyepesi zaidi: inakuonya kwamba imeona duara, inataja kifurushi kitakachoingia kabla ya mtegemewa wake, mfano unaojulikana ukiwa harfbuzz kabla ya freetype2, kisha inaendelea. Onyo hilo halikutaki ufanye lolote.

Kifurushi kujitaja chenyewe si jambo la ajabu pia. Postfix, programu ya kusafirisha barua pepe, kwenye Debian hutangaza kwamba inatoa huduma iitwayo mail-transport-agent, na papo hapo hutangaza kwamba inagombana na chochote kinachotoa huduma hiyo. Ukisoma neno kwa neno, Postfix inagombana na nafsi yake. Kanuni ya dpkg ni kwamba kifurushi hakigombani na nafsi yake, na matokeo yake ndiyo yanayotakiwa: Postfix ikiingia, Exim inayotoa huduma hiyohiyo inatoka. Kwa RPM, kichunguzi cha maktaba kinaweza kuandika kwamba kifurushi kinahitaji maktaba iliyomo ndani ya kifurushi hichohicho. Uhitaji huo hutimizwa na kifurushi chenyewe, na hatua ya kupanga huupuuza. Ukiyaona hayo kwenye rpm -qR, yaache yalivyo.

Kuondoa kunahitaji uangalifu ambao watu wengi hawautarajii. Fikiria vifurushi viwili vilivyoingia kama wategemewa wa programu ambayo baadaye uliiondoa, navyo vinategemeana. Ukiuliza "ni kifurushi gani kisichotegemewa na mtu?", hakuna hata kimoja kati yao kitakachojitokeza, kwa sababu kila kimoja kina mtu wa kukitegemea. Swali hilo ndilo linaloulizwa na pacman -Qdt, na kwa hiyo mayatima wa duara hubaki kwenye diski miaka na miaka. Apt huuliza tofauti: huanzia kwenye vifurushi ulivyoviomba mwenyewe, hufuata utegemezi wao mpaka mwisho, na chochote ambacho hakikufikiwa hukihesabu kuwa si cha lazima. Duara lililokatika na mizizi halifikiwi, hivyo apt autoremove huliondoa lote. Kwenye Arch unaweza kupata matokeo yanayokaribiana kwa kupitisha orodha ya pacman -Qqd kwenye pacman -Rsu, ukitanguliza --print ili usome kitakachoondolewa kabla ya kukubali. Soma kweli, maana vifurushi vya hiari unavyovitumia vinaweza kuwemo.

Hapa pingamizi kubwa zaidi linastahili jibu. Kwa nini maduara yaruhusiwe? Vifurushi visivyoweza kuishi mbalimbali si viunganishwe viwe kimoja? Wakati mwingine ndiyo. Lakini mgawanyo mwingi una sababu: data zisizobadilika kutoka prosesa moja hadi nyingine hutengwa ili hazina zisibebe nakala ileile kwa kila aina ya prosesa. Programu basi hutegemea data zake, na hilo ni sawa. Kosa ni pale mtengenezaji anapoongeza utegemezi wa kurudi, data zitegemee programu, ati zisije zikabaki peke yake kwenye mashine. Kazi hiyo tayari inafanywa na autoremove, na data hazihitaji programu ili ziwepo. Ukikuta duara la namna hiyo kwenye kifurushi chako, lifute. Ndilo rahisi kuliko yote.

Mameneja wa vifurushi Nix na Guix wamechukua msimamo mkali zaidi: maduara kati ya vifurushi hayawezekani kabisa. Kila kitu hukaa ghalani kwenye njia yenye hashi iliyokokotolewa kutokana na viambato vyake vyote, na huwezi kukokotoa hashi ya A inayoihitaji ya B ambayo nayo inaihitaji ya A. Kifurushi kujitaja chenyewe kunaruhusiwa, kwa kuwa njia yake hujulikana kabla ujenzi haujaanza. Mwaka 2006, katika tasnifu yake kuhusu Nix, Eelco Dolstra alionyesha pia namna ya kukokotoa hashi ya yaliyomo hata pale yanapojitaja: kila mahali njia yenyewe inapotokea hufutwa kwanza, kisha hashi hukokotolewa. Nauheshimu msimamo huo, kwani unamlazimisha mtengenezaji aamue mapema. Lakini gharama yake ionekane. Maktaba mbili zinazohitajiana lazima zivunjwe kwa kuijenga moja bila uwezo fulani, au kwa kuwa na nakala mbili. Duara linahamishiwa kwenye wakati wa ujenzi, ambako lazima mtu alishughulikie.

Na ujenzi ndiko kwenye kazi ngumu. FreeType huchora herufi; HarfBuzz hupanga herufi za maandishi kama ya Kiarabu na Kihindi ziungane ipasavyo. HarfBuzz inaweza kuitumia FreeType kusoma fonti, na FreeType inaweza kuitumia HarfBuzz kunyoosha maumbo. Ukitaka zote mbili kwa ukamilifu, jenga FreeType bila HarfBuzz, jenga HarfBuzz juu yake, kisha rudi ujenge FreeType upya, safari hii ikiwa na HarfBuzz. Kwenye Gentoo, meneja wake wa vifurushi Portage ikikwama hapo itakupendekezea yenyewe uzime uwezo mmoja kwa muda; utaandika USE="-harfbuzz" emerge --oneshot freetype, kisha utaendelea na masasisho yako ya kawaida, nayo yataijenga tena ikiwa kamili. Mtengenezaji wa ebuild, faili ya maelekezo ya ujenzi, anaweza kukuondolea adha kwa kutumia PDEPEND pale mtegemewa anapoweza kuja baadaye. Debian hutumia wasifu wa ujenzi: kwenye Build-Depends kifurushi huwekewa alama ya <!stage1>, na dpkg-buildpackage -Pstage1 hukiruka. Nyaraka na majaribio nayo mara nyingi ndiyo yanayofunga duara, ndiyo maana kuna <!nodoc> na <!nocheck>; anza kukatia huko, kwa kuwa maktaba itakayotoka haitakuwa na upungufu. Kwa vyovyote vile, kifurushi cha hatua ya kwanza kisiende kwa watumiaji. Ni kiunzi, na hatua yako ya mwisho ni kujenga tena bila kukata chochote.

Kompaila huleta duara lisiloweza kukatwa kwa kuzima uwezo. Rust imeandikwa kwa Rust, na kila toleo hujengwa kwa toleo lililotangulia; kwenye Debian kifurushi cha rustc kinaitaja rustc miongoni mwa mahitaji yake ya ujenzi. Go ilikuwa ya C hadi toleo 1.4, ikawa ya Go kuanzia 1.5 mwezi Agosti 2015. Hapa kinachogawanywa ni historia: toleo jipya halijihitaji lenyewe, linamhitaji mzee wake. Kwa Go unaweza kuifuata nasaba hiyo mwenyewe, ukaanza na kompaila ya C, ukajenga 1.4, kwa toleo hilo ukajenga 1.17, kisha 1.20, kisha 1.22. Kwa Rust kuna mrustc, kompaila iliyoandikwa kwa C++ inayoweza kujenga matoleo kadhaa ya zamani, na Guix huanzia hapo kisha hupanda toleo kwa toleo.

Utaambiwa kwamba kuhangaika hivyo ni kupoteza umeme, kwa kuwa unaweza kupakua kompaila iliyokwisha kujengwa. Fedora yenyewe inaruhusu hivyo kwa kuanzia, na kwa kazi ya kawaida sioni ubaya. Lakini katika hotuba yake ya Tuzo ya Turing, iliyochapishwa mwaka 1984, Ken Thompson alionyesha kwamba kompaila inaweza kubeba hila inayojirithisha kila inapojijenga, bila kuacha alama kwenye msimbo chanzo. David A. Wheeler alijibu mwaka 2005 kwa njia ya kujenga kompaila hiyohiyo kupitia kompaila nyingine isiyo na undugu nayo na kulinganisha matokeo. Mwaka 2023 Guix ilikwenda mbali zaidi ikaanza ujenzi wake kwa programu ya baiti 357, ndogo kiasi cha kusomwa na binadamu, ambayo hujenga vyombo hatua kwa hatua hadi GNU Mes, kisha TinyCC, kisha GCC ya zamani, hadi ya leo. Ukitunza mfumo unaobeba fedha au afya za watu, angalau jua kompaila yako ilitoka kwa nani, na uandike.

Duara la mwisho ndilo linalowakuta watu wengi, nalo halionekani kwenye orodha ya utegemezi. Arch Linux ilipohama kutoka ukandamizaji wa xz kwenda zstd mwishoni mwa 2019, pacman mpya yenyewe ililetwa ikiwa imekandamizwa kwa zstd, na aliyekuwa na libarchive ya kabla ya Septemba 2018 hakuweza kuifungua. Tiba ilikuwa pacman-static, iliyobeba maktaba zake zote ndani yake. Funguo za saini ni hivyohivyo: funguo mpya huja ndani ya kifurushi ambacho lazima kithibitishwe kwa funguo zilizopo. Debian hulikwepa hilo kwa kusambaza funguo za toleo lijalo mapema, ndani ya masasisho ya toleo lililopo, kwa hiyo sasisha debian-archive-keyring kabla ya kuhamia toleo jipya. Kwenye Arch iliyokaa muda mrefu bila kusasishwa, endesha pacman -Sy archlinux-keyring na papo hapo pacman -Su, usiziachanishe amri hizo mbili. Ikiwa hata funguo za zamani zimekwisha muda, usizime ukaguzi wa saini kwa SigLevel = Never wala [trusted=yes]. Chukua kifurushi cha funguo kwenye mashine nyingine ambayo bado inathibitisha sawasawa, linganisha alama ya ufunguo na ile iliyotangazwa na mradi kupitia njia tofauti, kisha kisakinishe kwa mkono na uendeshe masasisho.